Safu ya Nne ya Daftari

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa sanduku la karatasi kwenye boma la Kasongo, nikatoka mlangoni mikono mitupu, kisha nikageuka mara mbili kuangalia kama kuna nilichosahau. Hakukuwa na kitu. Msidhani ni uchungu wa kuacha kazi. Miaka yote nimekuwa nikitoka hivyo hivyo.

Ninyi mnaobaki na kalamu mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nani alinipandisha cheo na nani alinilipa nini, hayo hayatawasaidia, na mengine ni aibu kwa walionilipa. Nitawaeleza habari ya safu moja ya daftari, ya nne ukihesabu kutoka kulia, maana ndiyo iliyonifundisha kazi yangu ni nini. Ilichukua miaka mingi kunifundisha, na aliyelipia ada ya mafunzo hayo ni mtu mwingine.

Nilitoka chuoni Nyangwe nikiwa nimehitimu Kurani, na hati yangu ilikuwa nzuri. Nadhani hati ndiyo iliyonipa kazi, kwa sababu akili yangu ilikuwa mzigo kwa kila aliyekaa nami. Maalim Athumani, karani wa Mzee Shabani, tajiri wa hapa Kasongo, alikuwa anatafuta msaidizi. Akanichukua tukaenda kwa miguu hadi Kabambare, ambako mizigo ya tajiri ilikuwa imekwama: wapagazi wa kutoka pwani walikataa kuendelea, na ilibidi kukodi watu wa huko waifikishe Kasongo. Njia nzima nilimwuliza Maalim maswali. Wino ukimwagika tunaponda nini? Mvua ikiingia kwenye karatasi tunaanika wapi? Watu wawili wakiwa na jina moja nitawatenganisha vipi? Na kama ni ndugu? Tulipovuka Luama alisimama katikati ya mtumbwi, jambo ambalo halishauriwi, akanitazama.

"Feruzi," akasema, "hujaandika hata jina moja, na tayari umekosea arobaini."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kalamu ilikuwa ya mwanzi, kila mtu akijichongea yake. Wino tulitengeneza kwa masizi ya vyungu na gundi ya mti, tukauweka ndani ya kibuyu kidogo chenye kizibo cha kitambaa. Karatasi ilitoka pwani, na kwa kuwa ilitoka mbali hivyo ilikuwa marufuku kuharibu hata ukurasa mmoja. Daftari lenyewe tulilifunga kwa ngozi ya mbuzi, na tukipiga kambi tulilitundika juu ya mti kwa sababu ya mchwa. Niliota mchwa mara nyingi kuliko nilivyoota wanawake.

Sasa sikieni habari ya safu. Maalim aligawa ukurasa mara nne. Ya kwanza, jina. Ya pili, mtu anatoka wapi. Ya tatu, mzigo wake. Ya nne, bwana wake ni nani. Alikuwa na sharti moja ambalo alilirudia kama dua: usiache mahali peupe. Mahali peupe kwenye daftari, alisema, ni mlango usio na komeo. Leo umeacha wewe, kesho mwingine ameandika anachotaka, na hati ikionekana inafanana na yako utaapa nini? Ilikuwa shauri jema. Nalitaja mapema ili msije mkadhani nililaghaiwa na mtu mbaya.

Siku ya kwanza ya kuandika niliketi juu ya furushi la nguo uwanjani Kabambare, na watu, wa kukodi na watumwa wa tajiri, wamepanga mstari mbele yangu. Maalim akaniambia niandike jina langu kwanza ili mkono uzoee. Nikaandika: Feruzi, wa Nyangwe, mzigo kalamu na wino. Safu ya nne nikasita. Sikuwa mtumwa wa mtu. Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi madogo ya mtoni, akafa maskini lakini hakuwa wa mtu. Lakini mahali peupe palinitazama, nikajaza: Shabani. Nikaona mstari umekaa vizuri, nikafurahi.

Wa pili alikuwa Jumaa, mtoto wa ndugu wa tajiri, kijana wa rika langu aliyekuja kujifunza biashara na hadi siku hiyo alikuwa amejifunza kulala. Nilipomwuliza mzigo wake ni nini, akainua mwavuli. "Andika mwavuli," akasema, na watu wakacheka. Nikaandika mwavuli. Safu ya nne nikajaza: Shabani. Sasa mkono ulikuwa umezoea.

Wa sita au wa saba alikuwa kijana wa Kibangubangu, kabila la huko, mrefu, jina lake Kalonda. Alikuwa amekuja kwa miguu yake kutafuta kazi, na alijua njia zote mpaka Lualaba, maana marehemu baba yake alikuwa akisafirisha chumvi. Nilimwuliza kama nilivyomwuliza kila mtu: bwana wako nani?

"Miye natoka kwa mama yangu," akasema. "Nyumba yake iko pale, nyuma ya migomba. Unaona moshi?"

Nilitazama, nikauona moshi. Nikatazama daftari. Jibu lile halikuwa na mahali pa kukaa. Safu ilitaka jina la bwana, naye amenipa mama na moshi. Nilifikiria kumwita Maalim, lakini alikuwa anagombana na nyampara, yaani msimamizi wa wapagazi, na nyuma ya Kalonda watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Nikaandika: Shabani. Nikasema, "Anayefuata."

Nimeifikiria dakika ile kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, na nimefikiria nyingi.

Miezi ile ya kwanza niligundua jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. Orodha ilikuwa na nguvu kuliko mtu aliyeitoa. Mpangilio wa majina ndio uliokuwa mpangilio wa kuvuka mto, wa kupewa posho, wa kulala ndani ya boma la miiba au nje yake. Hakuna aliyewahi kuamua kwamba jina la kwanza livuke kwanza. Ilikuwa tu kwamba nyampara alisimama ukingoni, mimi nikasoma kutoka juu. Wasimamizi walianza kuniletea kuku. Nilifikiri wananipenda. Maalim akaniambia nihesabu kuku walioletwa na watu wa chini ya ukurasa.

Miaka ikapita kwenye njia hiyo ya Kasongo na Kabambare. Maalim akapofuka taratibu, mimi nikawa karani mkuu wa nyumba. Kalonda akawa kiongozi wa misafara yetu, akahamia Kasongo, akaoa huko kwenye mashamba ya mpunga, akajenga. Alikuwa akinitania kila tunapokutana njiani. Aliniita Karani wa Mchwa. Mimi nilimwita Bwana Chumvi. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameutazama tena ukurasa ule wa kwanza.

Kisha Mzee Shabani akafa, na Jumaa ndiye aliyekuwa mrithi mkubwa. Kabla wiki haijaisha aliniita. Alitaka nitoe kwenye madaftari yote majina ya watu ambao safu yao ya nne inasema Shabani, niyaandike kwenye karatasi moja safi, ili siku ya mirathi kadhi awagawie warithi watu hao pamoja na mali nyingine. Ndivyo ilivyokuwa nyakati zile, na mimi nilikuwa karani wa nyumba ya namna hiyo. Nilikaa siku mbili nikinakili. Nilikagua kila jina mara tatu, kama ilivyo tabia yangu. Niliangalia nukta. Niliangalia kama mistari imenyooka. Jina langu na la Jumaa niliyaruka bila hata kufikiri, kwa sababu nilijua sisi ni nani. La Kalonda nililiandika. Naye pia nilijua ni nani. Sijui niwaambie nini zaidi ya hapo. Jicho lilikuwa linatafuta makosa ya hati.

Karatasi ilisomwa kwenye baraza ya kadhi, watu wamejaa. Kalonda alikuwa amesimama pembeni kama jirani aliyekuja kutoa pole. Akasikia jina lake, akatabasamu, nadhani akifikiri kuna Kalonda mwingine. Kisha akasikia amepangwa kwenye fungu la Jumaa. Jumaa alikuwa na sababu yake: mtu anayejua vivuko vyote kati ya hapa na Kabambare, ukimkodi anaweza kukataa. Kalonda alisema kwa sauti kwamba yeye hakununuliwa na mtu wala hakutekwa na mtu. Jumaa akasema daftari linasema. Kadhi akauliza daftari hilo ni la nani. Watu wote wakanigeukia, nami nikafanya jambo nililozoea kufanya nikiogopa: nikaangalia vidole vyangu kama vina wino. Kadhi akaahirisha shauri hilo mpaka baada ya sala ya Ijumaa.

Kalonda alikuja nyumbani kwangu asubuhi iliyofuata. Hakukaa. Mke wangu alimpa kigoda, akakishukuru kigoda, akabaki amesimama.

"Karani, ile siku kule kwetu uliniuliza bwana wangu nani. Nilikujibu nini?"

Nikamwambia alijibu anatoka kwa mama yake.

"Na weye uliandika nini?"

Nikamwambia.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyekuwa na haki ya kunipiga. "Kwa sababu gani? Miye nilikukosea kitu?"

"Hapana. Palikuwa na nafasi tupu."

"Nafasi tupu," akasema. Akaitazama mikono yangu kwa muda. "Ndugu yangu, bibi yangu ana mimba. Mutoto akizaliwa ndani ya nafasi yako hiyo, atakuwa wa Jumaa. Unajua?"

Nilijua. Nilikuwa mwandishi wa mirathi, nilijua kuliko yeye. Alikuwa amemwoa mjakazi wa jirani na kumkomboa kwa kazi ya misimu mitatu, na ukombozi huo ulikuwa umeandikwa kwa jina lake. Kama yeye mwenyewe ni wa Jumaa, basi na alichokikomboa ni cha Jumaa. Mstari mmoja wangu ulikuwa unameza nyumba nzima.

Nikaenda kwa Maalim Athumani. Alikuwa ameketi uani akichambua mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yamekwisha. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia ninyamaze. Hakuwa mtu mkatili. Alisema nikisimama mbele ya kadhi na kukiri kwamba mstari mmoja si kweli, hakuna atakayeamini mwingine. Mipaka ya mashamba, wosia, ndoa, misafara ya miaka yote, yote iliandikwa na mkono huo huo. Nitakuwa nimevunja kazi yangu na yake. "Daftari likishasemwa kuwa linaongopa," akasema, "Jumaa ndiye atakayesema ukweli ni upi. Hilo unalitaka?"

Lilikuwa swali zuri, na lilinisumbua siku mbili. Nikipinga daftari, nawapa wenye nguvu ruhusa ya kulitupa kila litakapowabana. Nisipopinga, Kalonda amekwisha. Nilijaribu kufikiria kosa la kumsingizia mtu mwingine. Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Mwisho nililifungua daftari lenyewe, lile la ngozi ya mbuzi, nikaanza kusoma ukurasa wa kwanza kutoka juu, kama nilivyokuwa nikisoma ukingoni mwa mto. Niliposoma mstari wa pili, nilijua nitakalofanya. Sikuhitaji kusema kwamba daftari linaongopa. Nilihitaji kulisoma lote.

Ijumaa ile kadhi aliniagiza nisome mstari wa Kalonda. Nikamwomba ruhusa nianzie juu, kwa kuwa ndiyo desturi ya orodha. Jumaa akasema hakuna haja. Kadhi akasema haraka ya nini, mtu hafi mara mbili.

Nikasoma. "Feruzi, wa Nyangwe, mzigo wake kalamu na wino, bwana wake Shabani."

Watu wakanong'ona. Walimjua baba yangu.

"Jumaa, wa Kasongo, mzigo wake mwavuli, bwana wake Shabani."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wapagazi wa zamani. Mmoja akasema anaukumbuka mwavuli ule, kwamba hata huo ulibebwa na mtu mwingine kuanzia Luama. Kadhi hakucheka. Alinyoosha mkono, akaomba aone. Alikuwa anasoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Jumaa," akasema, "wewe nikuweke fungu la nani?"

Jumaa akasema kila mtu mjini anajua yeye ni nani.

"Kwa hiyo kwako wewe daftari halitoshi, tunauliza watu."

"Lakini mimi, shehe, sikuandikwa kwa maana hiyo."

"Karani," kadhi akanigeukia, "uliandika kwa maana gani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga kwa mpangilio, kwa hoja na majibu ya hoja. Yote yalitoweka. Nikasema: "Niliogopa kuacha mahali peupe. Nisipopata jibu la kukaa ndani ya safu, nilijaza jina la tajiri. Nilijijazia hata mimi. Kalonda alinijibu, na jibu lake sikuliandika."

Kadhi akafunga daftari. Akasema asili ya mtu ni kuwa huru, na anayedai vingine alete watu, si safu. Jumaa hakuwa na watu. Kalonda alikuwa nao: nyampara wa siku ile, aliyekuwa bado mzima na bado mgomvi, na wapagazi wawili wa Kabambare waliokula kwa mama yake. Haikuchukua muda hata wa kunywa kahawa.

Nilipaswa kuketi. Nikabaki nimesimama, nikamwomba kadhi awaulize na wengine wa ukurasa ule swali lile lile. Jumaa akasema sasa karani amekuwa mwenye nyumba. Kadhi akakubali, kwa ukurasa ule tu. Tulikaa mpaka alasiri. Wanne walipata watu wa kuwasemea, wakaondoka. Waliobaki, Jumaa alileta mashahidi kwamba walinunuliwa. Palikuwa na mwanamke, jina lake Tausi, aliyetaja kijiji chake na mkuu wake na mto wake, vizuri, bila kukosea, lakini kijiji kile kilikuwa kimeteketezwa na hakukuwa na mtu aliyesalia wa kusema ndiyo. Akaenda fungu la Jumaa. Aliponipita alinitazama kama mtu anayetazama ukuta. Ukurasa ule ulikuwa mmoja, na madaftari yalikuwa kumi na moja. Sijifariji kwa wale wanne.

Jumaa alinifukuza siku hiyo hiyo. Maalim Athumani hakusema nami kwa mwaka mzima, kisha akaniita nimsomee barua, na hatukulizungumza. Niliandika barua za watu sokoni. Kinyume na alivyohofia, watu walikuja. Walisema huyu ndiye karani anayekubali amekosea, labda atasikiliza. Nilianza desturi mpya: namwuliza mtu, anajibu, naandika alivyojibu. Kama jibu halitoshi ndani ya safu, naandika kando. Kama hakuna jibu, napiga mstari mmoja katikati ya nafasi, ili pasiwe peupe na pasiwe na uongo. Mstari ule mdogo ndio uvumbuzi pekee wa maisha yangu. Maalim angeweza kuupata kwa nusu siku, kama mimi ningemwita siku ile pale uwanjani.

Vita vya Wazungu na matajiri wetu vilipokwisha na Wazungu wakakaa Kasongo, boma likahitaji makarani, na mimi nikajifunza herufi zao nikiwa mtu mzima, nikichelewa kulala kwa hofu ya herufi kubwa. Karatasi zao zilikuja zimekwisha kupigwa mistari huko huko zitokako. Nilizitazama na nikajua mahali nilipo. Jina. Kijiji. Kazi. Na ya nne: mkubwa wake.

Juma lililopita tulikuwa tunaandikisha watu wa mashamba ya mpunga. Mstari ulikuwa mrefu, jua lilikuwa kali. Akafika mbele yangu mzee mrefu mwenye fimbo, na nyuma yake binti yake amebeba mtoto. Nilimwuliza jina, ingawa nilikuwa nalijua. Nilimwuliza kijiji. Nilimwuliza kazi. Kisha nikafika pale.

"Mkubwa wako nani?"

Kalonda akaegemea fimbo yake. "Karani wa Mchwa," akasema, "weye tena? Swali lako haliishi?"

"Haliishi. Jibu."

"Miye natoka kwa mama yangu. Nyumba yake ilikuwa Kabambare, nyuma ya migomba. Moshi uliuona mwenyewe."

Nikaandika. Maneno yalijaa safu ya nne, yakavuka mstari, yakaingia ukingoni mwa karatasi, na sikuyafupisha. Binti yake nilimwuliza pia, akacheka, akasema yeye anatoka kwa baba yake huyu hapa. Nikaandika.

Jioni Mzungu wa boma alinirudishia karatasi. Akasema safu ya nne haijajazwa. Nikamwambia imejazwa. Akasema hapana, panatakiwa jina la mkubwa, niandike upya. Nikaandika upya, kwa hati nzuri zaidi: anatoka kwa mama yake, Kabambare. Akairudisha tena. Nikaiandika mara ya tatu.

Siku ya pili akaniambia kwa upole kwamba macho yangu yamechoka, na kwamba yupo karani kijana anayeweza kumaliza orodha ile. Ni mmoja wenu, nanyi mnamjua. Nilimkabidhi ufunguo na karatasi. Sikumwomba ahadi yoyote. Nilimwonyesha tu Kalonda anakaa wapi, ng'ambo ya mashamba, ili kabla hajajaza aende akamwulize mwenyewe.